Hori

Mimi ni fundi wa mota, si wa miti.
Miaka kumi na sita bandarini Muhanzi
nimefungua karbureta, nimenyonya petroli kwa mpira,
na ulimi wangu haujasahau.

Wiki ile mafuta yalipopanda mara ya tatu
Cirhuza alikuja na swali la kitoto:
kabla ya mota, watu walifikaje Idjwi?
Nikacheka. Kwa mtumbwi wa gogo moja.
Na nani anajua kuuchonga?
Kicheko kikanikwama kooni.

Tuliuliza Nguba, tukauliza Panzi, tukavuka hadi Ibinja.
Mmoja alitupa tezo isiyo na mpini.
Mwingine alitupa uongo mtamu, akala kuku wetu.
Wa tatu alizikwa Jumanne;
tulikuta viti vya kukodi bado vimepangwa uani.

Aliyetufaa hajawahi kushika kafi.
Nsimire, Kadutu, nyuma ya soko,
anayekamulia ndizi zake za kasiksi
ndani ya gogo lililochimbwa, jeusi, refu kuliko kitanda,
linalonuka arusi za watu waliokwisha kuachana.
Nilipiga magoti. Nikaingiza mkono hadi begani.
Ubavu, vidole vitatu.
Tumbo, kiganja.
Na huku na huku kwenye pua
limeachiwa nyama, lisipasuke.

“Alilichonga baba mkwe,” akasema,
“yeye na mitumbwi, tezo ileile.
Mitumbwi imeliwa na ziwa.
Hili limebaki kwa kuwa watu hawaachi kunywa.”

Na Kiswahili kilikuwa kinajua siku zote:
hori, chombo cha kulishia ng’ombe;
hori, mtumbwi mdogo.
Neno lilikaa na siri yake mdomoni mwetu
nasi tukilitafuna tu.

Tulipima kwa kamba ya chandarua, fundo kwa fundo.
Mushebeye ulishuka kutoka Kabare,
tuliulipia kwa mota mbili mbovu na deni.
Miezi mitano. Mvua. Risasi usiku mmoja, tukalala ndani ya gogo,
likatuenea wote wawili.
Watoto wa shule wakipita:
“Papa, hii iko kitanda ao iko sanduku ya maiti?”
Iko mtumbwi, nikajibu,
na mimi mwenyewe sikuamini vizuri.

Siku ya kuushusha ukalalia kushoto kama mlevi.
Cirhuza ndani. Kisha Cirhuza majini.
Ufuko mzima ukaangua kicheko,
na Nsimire kuliko wote, kanga imemdondoka:
“Mumenakili hata ulevi wake!
Hori langu liliinamishwa makusudi,
kikombe cha mwisho kikusanyike upande mmoja!”

Fundo kwa fundo tulikuwa tumepima.
Uaminifu nao huzamisha.

Usiku tuliwatazama wavuvi wa sambaza,
mitumbwi mitatu imefungwa kwa miti mirefu
inakwenda kama walevi walioshikana mabega,
na hakuna anayeanguka.
Sisi tulikuwa na mmoja.
Tukaupa mkono: miti miwili ya kukingama,
na mwishoni kigogo chepesi kinacholala juu ya maji,
upande uleule wa aibu.

Asubuhi tulipiga kafi hadi nje ya rasi.
Chupa za plastiki zikielekea Ruzizi
ziligonga ubavu, tok, tok, zikapisha.
Sikio langu la fundi likatafuta ugonjwa,
plagi, pistoni, kikohozi cha mota,
likakuta maji, na Cirhuza akihema.
Sikujua niyafanyie nini masikio yangu.

Bado unavuja kidogo karibu na shetri.
Deni bado.
Jana Nsimire ametuma mtoto:
hori lake limepata ufa, anataka jipya,
na tusijifanye mafundi wa mitumbwi sasa,
tusisahau kuliinamisha.